Ukurasa wa Kwanza Uuzwe Ukiwa Umeshaharibika

Ekero, karibu na Mumias.
Jumamosi, 18 Juni 1994.
Asubuhi: ukungu mzito juu ya miwa, umande wa kulowesha viatu, jua bado halijaamua.

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Madaftari ya Korongo.

Bwana Meneja,

KUH: OMBI LA KUHARIBIWA KWA UKURASA WA KWANZA WA KILA DAFTARI KABLA HALIJATOKA KIWANDANI

Pokea salamu zangu, na za watu wa nyumba hii, ambao hawajui kama ninakuandikia. Mimi ni mteja wako wa miaka mingi. Daftari lako la kurasa arobaini na nane, lenye korongo mwenye taji kwenye jalada na jedwali la kuzidisha nyuma, ndilo nililotumia tangu darasa la nne mpaka kidato cha nne, na ndilo ninaloandikia shajara yangu hadi leo, tarehe na hali ya hewa zikitangulia. Sina ugomvi na karatasi yako, wala na korongo. Ugomvi wangu ni na ukurasa mmoja tu, nao ni wa kwanza.

Nikueleze kwanza hali yangu, usije ukadhani ninakusumbua kwa mzaha.

Tarehe 23 Aprili wazee watatu kutoka Matungu walileta kwetu barua ya posa. Mposaji ni Swaibu, fundi wa baiskeli hapa Ekero. Anayeposwa ni mimi. Kwetu barua ya posa hujibiwa kwa barua. Baba husema aliyebisha hodi kwa kalamu hafunguliwi kwa mdomo. Baba akaisoma, akamwuliza Mama, Mama akaniuliza mimi, nami nikainamisha kichwa na kuchora chini kwa kidole cha mguu, jambo ambalo kila mtu hapa anajua maana yake. Basi kazi ilikuwa imekwisha, ila kuandika. Na kwa kuwa katika nyumba hii ni mimi peke yangu niliyemaliza kidato cha nne, na ni mimi ninayewaandikia majirani barua zao zote, Baba alinikabidhi bahasha ile ile nijibu kwa jina lake. Alisema, "Andika vizuri, Swafia. Wale ni watu wa kusoma."

Hilo neno "vizuri" ndilo lililotufikisha hapa. Leo zimetimia siku hamsini na sita. Sijajibu.

Si kwamba simtaki. Ninamtaka, Bwana Meneja. Ninakuandikia wewe waziwazi kwa sababu uko mbali. Taabu ni kwamba kila rasimu ninayoianza haistahili kupewa mstari wa pili.

Tangu posa ipokelewe mpaka ijibiwe, mimi na Swaibu haturuhusiwi kusalimiana. Nikipita na ndoo ya maji, yeye huinama na kuangalia spoki. Ameziangalia spoki siku hamsini na sita. Sidhani kama kuna mahali katika wilaya hii ambapo magurudumu yamenyooka kama hapa Ekero mwaka huu.

Tena posa isiyojibiwa hufuatwa. Jumatano shangazi yangu Zeituni alikuja mbio, buibui likiwa begani, akatuambia kwamba wazee wa Matungu watafika leo baada ya alasiri kuchukua barua yao, waipeleke Matete kwa binti mmoja anayeitwa Laila. Huyo Laila aliishia kidato cha pili, lakini, kwa maneno ya shangazi, "anajibu barua siku hiyo hiyo, hata ile ambayo haikuuliza kitu."

Kwa hiyo sasa ni saa moja na dakika ishirini. Nina muda mpaka saa kumi. Nimelitafakari jambo hili kwa utaratibu, nikaona la busara ni kukuandikia wewe kwanza.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ukurasa wa kwanza ni mweupe kupita kiasi. Nikiufungua, unakuwa kama mgeni aliyevaa kanzu nyeupe akisimama mlangoni mwa nyumba yenye matope, akingoja aonyeshwe pa kukaa. Neno la kwanza lazima liwe kiti kinachofaa kanzu ile. Ninalo stuli tu.

Utasema kosa ni langu. Hapana. Kidato cha tatu mwalimu wetu wa Kiswahili aliibandika insha yangu ukutani nje ya ofisi, ikakaa pale muhula mzima, mpaka nzi wakaizoea. Wenzangu waliogopa kalamu nyekundu. Mimi naogopa ukuta. Tangu siku ile sijaandika sentensi yangu mwenyewe bila kuiona imebandikwa juu, watu wameshika viuno wakiisoma. Barua za majirani haziniogopeshi, maana hizo zitabandikwa kwenye kuta zao. Na ukurasa wako wa kwanza, Bwana Meneja, ni ukuta uliopunguzwa ukubwa ukatiwa pini.

2. Hizo pini zenyewe. Je, umewahi kuchana ukurasa kutoka kwenye daftari lako? Mimi nimechana. Nikiuchana wa kwanza, wa mwisho unalegea, kisha unaanguka wenyewe, ukiwa msafi, bila kosa lolote, kwa sababu ni karatasi moja iliyokunjwa katikati. Kila mwanzo ninaoutupa unaondoka na mwisho wake. Nimeweka hesabu katika shajara: madaftari sita yameisha na la saba limefika nusu, mianzo sabini na minane kwa jumla, na kurasa za mwisho sabini na nane zimelala kwenye katoni chini ya kitanda kama maji yaliyotekwa yakakosa mnywaji. Ndizo ninazokuandikia. Samahani kwa matundu ya pini pembeni. Ajabu ni kwamba juu ya karatasi hizi, ambazo zimeshang'oka na hazina thamani, kalamu yangu inakwenda bila kusukumwa. Sijui kwa nini. Tafadhali chunguzeni.

3. Jalada lenu linauliza maswali. Jina: hilo nalijua. Darasa: nilimaliza. Somo: hapo nilikaa siku nzima ya tarehe 2 Mei. Hatimaye, kwa kuwa sipendi kuacha nafasi wazi, niliandika "Swaibu". Mdogo wangu akalisoma, akaenda akitangaza uani kwamba dada amepewa somo jipya na anaanguka mtihani kila siku. Jalada lile ilibidi niliteketeze, na korongo wake.

4. Karatasi yenu haipotei. Mama hukusanya mianzo yangu na kumpa jirani yetu Muhonja, anayeuza njugu karanga kituoni. Muhonja huikunja kuwa vifuko. Hivyo mianzo yangu inazunguka Ekero nzima, imejaa njugu. Juzi mkata miwa mmoja alimaliza njugu zake, akakinyoosha kifuko, akasoma, "Kwa taadhima isiyo na mfano, sisi wa nyumba ya Osundwa tumeipokea barua yenu kama ardhi iliyokauka inavyopokea". Basi. Ndipo nilipochana. Mtu yule aligeuza karatasi, akalamba chumvi iliyobaki, akamrudia Muhonja na kumwuliza, "Inapokea nini, mama? Nipe nyingine, hii imekatika."

Muhonja anasema biashara haijawahi kuwa nzuri hivi. Anasema yupo hata mteja mmoja anayekuja kila siku na kukataa kabisa kifuko cha gazeti. Labda ni mtu asiyependa wino wa magazeti mdomoni.

5. Hili ni la kiufundi, na ndilo msingi wa ombi langu. Nimefikia uamuzi kwamba mtu hawezi kuharibu ukurasa ulioharibika. Kwa hiyo daftari liuzwe ukurasa wake wa kwanza ukiwa umeshachafuliwa na watu waliohitimu kazi hiyo: doa la chai, alama ya kidole chenye mafuta, mstari uliokatwakatwa, na kitu cha ajali. Mnunuzi akifungua, atashusha pumzi na kusema, "Aa, kumbe walishaanza."

Ili nisikuletee maneno matupu, Alhamisi niliamua kutengeneza sampuli. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kazi hii haifai kupewa mtu yeyote tu. Doa langu la kwanza la chai lilikuwa la duara mno, utadhani limechorwa kwa bikari. Nikatupa. La pili lilikosa rangi. Nikaongeza majani ya chai, likawa jeusi upande mmoja, nikatupa. Kwa ajali nilichagua kuku. Nilimpaka tope miguuni, akakataa kukanyaga. Nilipomwekea mtama akakanyaga, lakini alipita upande wa kulia wakati mimi nilikuwa nimempangia kushoto. Mama alisimama mlangoni na mwiko wa obusuma, ugali wetu, mkononi akasema, "Swafia, hata ingokho unaisahihisha?" Nilitumia siku mbili na karatasi kumi na moja kupata ukurasa mmoja ulioharibika vizuri.

Kisha ilibaki kuandika juu yake rasimu mbaya, ili uone tofauti. Nilijiambia niandike jibu la posa vibaya kabisa kwa makusudi, bila kufikiri, kama mtu anayefukuzwa na mvua. Nilitazama saa: dakika nne. Ninakunakilia hapa neno kwa neno, na karatasi yenyewe nimeiambatanisha kama Kielelezo A:

"Wazee wa Matungu, asalam aleikum. Anayeandika si Baba, ni Swafia mwenyewe, Baba yuko kwenye miwa. Jibu ni ndiyo. Mmechelewa kulipata kwa sababu sikujua niliweke ndani ya maneno gani, nikayajaribu mengi na yote yalikuwa mazuri kuliko mimi. Swaibu alipofunga mnyororo wa baiskeli ya Baba mwaka jana, alinirudishia nati moja akasema ilikuwa imezidi, na mimi nilijua haikuzidi, alikuwa anatafuta la kusema. Bado ninayo. Msiende Matete, ni mbali. Huyo aliyepita hapa juu ni kuku. Ndiyo, ndiyo tena. Mje na yule mzee anayecheka sana."

Makosa unayaona mwenyewe. Salamu hazikupangwa kwa vyeo. "Ndiyo" imetumika mara tatu. Nati haina nafasi katika barua ya posa. Kuku ndiyo usiseme. Shangazi Zeituni aliponisikia nikiisoma jana, aliangusha ungo wa mchele kwa kucheka, tukaokota mpaka magharibi. Bila shaka karatasi hii haifai kutumwa kwa mtu yeyote isipokuwa mwenye kiwanda.

Sasa maombi yangu, Bwana Meneja, ambayo nimeyapanga kuanzia dogo.

Kwanza, uajiri wachafuzi. Wasiwe watu kama mimi. Wawe watu wasiojali, na kwa kila mashine uweke kuku wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Ninaye wa kuanzia.

Pili, kila ukurasa wa kwanza upigwe mhuri: UMEHARIBIWA NA KUKAGULIWA.

Tatu, jambo hili lisiishie kwenye madaftari. Wenye viwanda wengine nao wafuate. Kitambaa cha nguo kiuzwe na mshono wa kwanza uliopinda, ili mshonaji asitetemeke. Shamba la miwa likabidhiwe na shina la kwanza limeshapandwa kichwa chini. Mhubiri aanze na kikohozi. Kila bwana harusi apewe kitu cha kuangusha mlangoni, akiangushe, watu wacheke, kisha ndoa iendelee.

Nne, na hapa naomba uvumilie maana nimelifikiria huku nikitazama nje, itangazwe nchini kote kwamba cha kwanza ni cha kujifunzia. Mama husema hivyo kuhusu watoto. Alivyojua kumfunga mtoto mgongoni, alijifunzia kwangu. Nilianguka mara mbili. Alivyojua uji usiwe wa moto, alijifunzia kwangu. Walionifuata ni sita, na wote walitoka nadhifu zaidi, hata masikio. Lakini hakuna siku Mama alinitazama akasema, "Huyu hakutoka vizuri, nichane nianze upya." Aliendelea tu na wa pili. Nimekumbuka hayo sasa hivi, na nimelazimika kuweka kalamu chini kidogo.

Tano, unijibu kabla ya saa kumi leo. Najua posta ya Mumias hufungwa mapema Jumamosi. Jitahidi.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kiwanda, wa zamu ya mchana na wa usiku. Nisalimie hasa yule anayepiga pini. Mwambie sina kinyongo naye kama mtu. Nisalimie aliyemchora korongo, ambaye nina hakika hakumpata mara ya kwanza. Nisalimie mkeo na watoto, ukianza na wa kwanza.

Ni mimi mteja wako, niliyekwama mstari wa kwanza,

Swafia Osundwa.

Nyongeza. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Mvua imenyesha na kuacha.

Bwana Meneja, usikitafute Kielelezo A ndani ya bahasha. Hakimo.

Wazee walifika saa tisa na nusu, mapema kuliko tulivyoambiwa, nami nilikuwa bado jikoni naandika salamu za mkeo. Walikaa sebuleni na Baba. Aliyewaongoza ni Mzee Sulemani, ami yake Swaibu, yule anayecheka sana, lakini leo hakucheka. Nilimsikia akisema wamekuja kwa amani kuchukua kilicho chao. Baba akaja mpaka mlango wa jikoni akanyoosha mkono. Miaka yote ninayomjua Baba, sijawahi kumwona akiniomba kitu. Na mimi sikuwa na cha kumpa, isipokuwa malalamiko kwako.

Shangazi Zeituni alikuwa amekaa karibu na karatasi zangu, akichambua ule mchele. Alichukua Kielelezo A, akakipangusa kwa ukingo wa leso, na kukitia mkononi mwa Baba.

Nilisema, "Shangazi, hicho ni cha kiwanda!"

Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Kiwanda ndicho kitakuoa?"

Nilijificha nyuma ya mlango. Mzee Sulemani alivaa miwani na kusoma kwa sauti, yote, tangu salamu. Alipofika kwenye nati akairudia sentensi hiyo polepole. Alipofika kwenye kuku aliigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Kweli, nyayo ninaziona." Baba alianza kuomba radhi kwa ajili ya doa. Mzee Sulemani akamzuia kwa mkono. Alisema barua yao ilitungwa na watu wanne kwa mwezi mzima, na mpaka leo hakuna hata mmoja kati yao anayejua aya ya tatu ilikuwa inasema nini. "Lakini hii," akasema, "tumeielewa sote, pamoja na kuku." Kisha kicheko chake kikaja chote kwa pamoja, kile kilichokuwa kimezuiwa tangu Aprili, mpaka Mama akakimbia na chai.

Barua yao wameiacha. Yangu wameondoka nayo. Waliikunja pamoja na doa.

Saa kumi na moja Swaibu mwenyewe alifika uani na baiskeli. Kwa kuwa sasa inaruhusiwa, aliniangalia. Nilitaka na mimi kupata spoki za kuangalia. Alitoa mfukoni furushi lililofungwa kwa kipande cha tyubu, akaniwekea mkononi. Ni vifuko, Bwana Meneja. Thelathini na kimoja, vimenyooshwa, vimepangwa, vyote vinanuka njugu na chumvi. Alisema, "Tumbo langu halitaki kusikia tena njugu. Kila siku nilinunua nikisema leo nitapata mwisho. Yote yanaanza vizuri sana, Swafia. Nikadhani unatafuta namna nzuri ya kunikataa."

Nimejaribu kuendelea na hoja zangu baada ya hapo, nikashindwa. Kwa hiyo ninaondoa ombi la kwanza, la pili, la tatu na la tano. La nne nimemwachia Mama. Ukurasa wa kwanza uacheni mweupe. Pini nazo ziacheni zilivyo, maana kama kurasa za mwisho zisingelegea, leo nisingekuwa na pa kuandikia. Kuku nimemfungua.

Badala yake, ikiwezekana, naomba daftari moja jipya, safi, lisilo na doa. Baba ameniagiza barua za mwaliko. Alisimama kidogo kabla ya kusema ziandikwe namna gani, kisha akasema tu, "Andika." Nimeshaanza ya kwanza kwenye nusu ya daftari la saba. Ni mbaya sana. Niko mstari wa sita.

Nyongeza ya pili. Jumapili asubuhi, jua, majani ya miwa yanakauka.

Jana nililala saa mbili na dakika hamsini. Koma baada ya ile "ndiyo" ya pili ingekaa vizuri zaidi mahali pengine, lakini nilisinzia nikiitafuta.